Nilivyomuuliza Mbuzi Kama Kijiji Chetu Kitakua

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mbuzi. Na mbuzi mwenyewe ndiye pekee ambaye hakunicheka.

Nawaandikia kutoka chumba cha intaneti hapa Mazwi, Sumbawanga mjini. Nimekuja kwa baiskeli, upepo ukinipiga usoni njia nzima, nikidhani hasira itapoa kabla sijafika. Haijapoa. Mnanijua, mimi si mtu wa maneno. Mnajua pia naandika polepole. (Kijana wa hapa ameshanichungulia mara mbili, anadhani kompyuta imeganda. Haijaganda. Ni mimi natafuta herufi.) Lakini leo lazima niseme mwenyewe, maana kesho mtaisikia kwa watu, na watu wataongeza chumvi. Kisa hiki hakihitaji chumvi. Kimechacha tayari.

Asubuhi nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba napukuchua mahindi. Akaja Mwenyekiti wa kitongoji amevaa lile koti lake la mikutano. Nilipoliona koti tu, nikajua mahindi yangu yameishia hapo.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu Deo. Inuka. Leo kitongoji kinakuhitaji."

Kitongoji! Hakijawahi kunihitaji tangu nizaliwe. Hata kwenye mpira kilikuwa kinaniweka nje nishike nguo za wenzangu.

Akanieleza. Kuna mtaalamu amekuja kutoka mbali, wa kampuni binafsi. (Siku hizi kila kitu kina kampuni. Mbolea ina kampuni. Mahindi yana kampuni. Kumbe hata kukisia watu kuna kampuni.) Kazi yake ni kuzunguka mji wa Sumbawanga na vijiji vyote vinavyouzunguka, aseme miaka ishirini ijayo wapi watu watajaa na wapi watapungua. Pale watakapojaa, bomba la maji litatolewa mjini lipelekwe. Pale watakapopungua, hakuna haja, wataendelea na kisima chao.

Kisima chetu mnakijua. Kiko bondeni, tunakunywa sisi na ng'ombe, na ng'ombe ndio wanaowahi.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na mtaona kwamba sikuishia hapo. Mtu ana kiu leo. Wewe unakuja kumpimia kiu ya miaka ishirini ijayo!

"Sasa mimi naingiaje?" nikauliza.

"Anataka mkalimani. Hajui Kifipa, na akina mama wetu wengine Kiswahili chao kinaishia kwenye sala."

"Si wapo wengine?"

"Nani? Wenzako wote wamehama."

Mmesikia? Ninyi ndio hao wenzangu. Mmoja yuko Tunduma anabeba mizigo mpakani, mmoja Mbeya, wengine wawili Dar wanauza mitumba, halafu mnaniandikia "mambo vipi mshikaji, kijijini poa?" Hapana. Si poa. Angebaki mmoja wenu tu, hata yule mwenye kigugumizi, ningemsukumia kazi hii nikaendelea na mahindi yangu.

Nikamwambia Mwenyekiti kuwa mimi naona aibu. Akasema aibu haina nafasi kwenye maendeleo. Nikavaa viatu.

Kabla sijaendelea, niwaambie jambo ambalo baadhi yenu hamjalijua. Nimepeleka posa kwa akina Yusta. Ndiyo, Yusta huyohuyo. (Funga mdomo, wewe wa Mbeya.) Nyumba nimejenga, matofali ya kuchoma, bati nimeezeka upande mmoja, upande wa pili ni nyasi kwa sasa. Wazee wamepokea posa vizuri. Jumapili hii, baada ya misa, mjomba wangu alikuwa aende kwao kukubaliana siku ya harusi. Jumapili hii! Mimi nilikuwa nahesabu siku kila jogoo wa jirani akiwika.

Na mnajua adabu yetu. Ukishapeleka posa, mama wa binti unamheshimu kama altare. Humtazami usoni. Humsemeshi. Ukikutana naye njiani unaingia shambani, hata kama shamba lina maji. Kama kuna jambo la lazima kabisa, unaliambia kitu kingine, mtoto au kuku au mlango, yeye anasikia pembeni, naye anajibu kwa kukiambia kitu hichohicho. Inakuwa hivyo mpaka wazee wakufungulie. Mimi sijafunguliwa. Tangu posa iende, mama yake Yusta nimemwona kisogo tu, na hicho kisogo nacho nilikiona kwa bahati mbaya.

Shikeni hilo.

Basi tukamkuta Mtaalamu kwenye ofisi ya kitongoji. Kijana tu, labda ananizidi kidogo. Miwani ya jua, shati jepesi, anatetemeka kwa baridi lakini hataki kuonekana anatetemeka. Mke wa Mwenyekiti akamletea togwa ya ulezi, nzuri, ya moto. Akaiangalia kama imemwangalia yeye kwanza. "Asante mama, nimeshiba." Ameshiba nini asubuhi ile? Walishamwambia habari za uchawi na radi za Sumbawanga huko alikotoka. Alikuwa anatazama hata mawingu kwa mashaka.

Alikuwa na kompyuta ya kupakata. Akaiweka juu ya boneti ya pikapu, akaifungua, akatuita tuone. Katikati ya kioo kulikuwa na mstari mwekundu umelala. Juu yake kulikuwa na mstari wa bluu.

"Hii ya bluu ndiyo ninyi," akasema. "Naingiza nitakayoambiwa, yenyewe inapiga hesabu. Hesabu ni nne tu. Waliozaliwa, waliokufa, waliohamia, waliohama. Jioni bluu ikiwa juu ya nyekundu, mnakua. Ikiwa chini, mnakwisha."

Mnakwisha! Alisema hivyo, mbele ya Mwenyekiti mwenye koti, kama anazungumzia sabuni.

Akina mama waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama. Mwenyekiti akawatafsiria yeye mwenyewe, kwa sauti ya mkutano: mstari wa bluu ukiwa juu, bomba. Mstari ukiwa chini, kisima. Basi hakuna aliyekwenda tena shambani. Tulipoondoka kwenda nyumba ya kwanza, kundi zima likafuata ile kompyuta kama msafara wa Ekaristi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Skola. Mnamjua, mjane, hana jino hata moja la mbele na ana majibu kuliko redio.

Mtaalamu akauliza swali, akanigeukia. "Muulize: anatarajia kupata watoto wengine wangapi?"

"Huyu?" nikasema. "Huyu ni bibi."

"Kila mwanamke lazima aulizwe. Ndio utaratibu."

Sasa niwaambie jambo kuhusu kazi ya ukalimani ambalo hakuna aliyenionya. Swali likiwa la Kiswahili linavumilika. "Uzazi" ni neno la zahanati, linanuka dawa ya kusafishia sakafu. Lakini mimi Kifipa changu ni cha jikoni kwa mama yangu. Sijui Kifipa cha ofisini. Nilipolitafuta lile swali kwa Kifipa likatoka limevuliwa nguo zote.

Kundi lote likasema "Yesu wangu!"

Bibi Skola akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Deo mjukuu wangu, kama unauliza kwa faida yako mwenyewe, njoo na mjomba wako tuzungumze."

Walicheka mpaka ndoo zikaanguka. Mtaalamu akaniuliza amejibu nini. Nikasema, "Sifuri." Akaandika sifuri. Mstari wa bluu ukateremka kidogo. Kicheko kikakatika palepale. Bibi Skola akasogea, akaukazia macho ule mstari, akasema kwa hasira: "Kumbe ni mimi nimeushusha? Mwambie aweke mmoja!"

Tukaenda kwa Mzee Masanja, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake upande wa bondeni. Mwenyekiti alikuwa na matumaini sana na nyumba ile. Ni nyumba kubwa, imejaa watoto mpaka madirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni."

"Mzee, hapa kwako mko wangapi?" Mtaalamu akauliza mwenyewe.

"Tupo."

"Wangapi?"

"Tupo tu, bwana. Wewe si unatuona?"

"Nataka idadi. Watoto wangapi?"

Mzee Masanja akaacha kutabasamu. "Kijana, huko kwenu watu wanahesabu watoto? Ukishamaliza kuwahesabu, nani anakuja kuwachukua?"

Kwa hilo Wafipa na Wasukuma tukaelewana mara moja. Akina mama wote wakaitikia kwa vichwa. Hata mama yangu ukimwuliza ana watoto wangapi atakwambia Mungu amejalia. Mtaalamu akashusha pumzi, akajaribu kuwahesabu kwa macho, lakini watoto wa Mzee Masanja walikuwa wameshaelewa mchezo wakawa wanahama dirisha hili kwenda lile. Akaandika kitu, sijui nini. Mstari ukapanda, akina mama wakapiga makofi.

Halafu ikaja hesabu ya waliohama.

Jamani, sitaki kuisimulia hii. Kila nyumba tuliyopita palikuwa na mtu wa kutajwa. Kila aliyetajwa, mstari ulishuka. Mama yako wewe wa Tunduma alikutaja akiwa ameinamisha kichwa, kama anakiri dhambi ambayo si yake. Mmoja baada ya mwingine, mkatajwa wote, na kila jina nililolisema kwa Kiswahili ule mstari ulikuwa unadondoka kama ng'ombe anayepiga magoti. Mtaalamu anapiga kidole, tap, huku anatafuna bazoka.

"Vijana wenu wanakimbia nini?" akaniuliza.

Ningekuwa mtu wa kusema, ningemwambia. Ningemwambia chama cha ushirika kilipokufa mbolea ikapanda mpaka ikakaa mahali ambapo mkono wa kijana haufiki, na mnunuzi wa mahindi anakuja na kipimo chake mwenyewe na bei yake mwenyewe, na kijana akishaonewa misimu kadhaa haiti hiyo kukimbia, anaita kutafuta maisha. Ningemwambia tena: tuleteeni maji kwanza ndipo muone kama watu watahama! Lakini sikusema. Nilisema, "Sijui, bosi." (Bosi! Nani alinituma nimwite bosi?)

Jua lilipoanza kuelekea magharibi, mstari wa bluu ulikuwa umelala juu ya ule mwekundu kabisa, hauonekani uko juu au chini. Zilibaki nyumba chache. Akina mama walikuwa hawacheki tena. Walikuwa wanaukazia macho ule mstari kama mgonjwa anayesubiri daktari aseme. Mwenyekiti amevua koti, amelowa jasho kwenye baridi ile.

Nyumba zile chache zikapita bila kitu. Ikabaki moja.

Nilipoona njia tunayoifuata, nikasimama.

"Mwenyekiti," nikamnong'oneza, "pale siwezi kuingia."

"Kwa nini?"

"Mwenyekiti, pale ni kwa kina Yusta."

Akashika kichwa. Alikuwa amesahau. Yeye ndiye aliyekaa kwenye posa yangu kama shahidi, akala na kuku, na amesahau! Akamgeukia Mtaalamu, akamweleza kwamba huyu kijana ni mkwe, hawezi kusema na mama wa nyumba hii. Akaomba atafsiri yeye mwenyewe.

"Wewe ni kiongozi," Mtaalamu akasema. "Kiongozi akitafsiri, watu wanajibu anachotaka. Hairuhusiwi. Kama hamtaki, naiacha nyumba hii, naandika haina mtu."

Haina mtu! Kwa kina Yusta!

Akina mama wakanigeukia mimi. Walinitazama tu, wameshika ndoo zao tupu. Mmoja akasema polepole, "Deo, mwanetu. Tafuta njia."

Nikatafuta. Mama Yusta alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa pili wa ua, anapepeta ulezi, ameshageuza mgongo alipoona ni mimi. Katikati ya ua alikuwa amefungwa mbuzi, jike, mweupe mwenye doa jeusi. Nikasimama, nikampa kisogo Mama Yusta nami. Nikamtazama mbuzi.

"Shikamoo," nikamwambia mbuzi.

Mbuzi akaendelea kutafuna. Nyuma yangu nikasikia sauti, taratibu: "Mbuzi, mwambie mgeni marahaba."

Mtaalamu akavua miwani. "Unaongea na nani?"

"Na mama."

"Huyo ni mbuzi."

"Wewe uliza maswali yako!" nikamwambia. (Ndiyo, mimi. Nilimwambia hivyo. Hasira ilikuwa imeshafika kooni.)

Akauliza waliozaliwa, waliokufa, waliohama. Nikamwambia mbuzi, mbuzi akaambiwa jibu. Tulikwenda vizuri, kwa heshima. Nikaanza hata kujiona hodari. Halafu akauliza lile swali.

Nikamwambia Mtaalamu hilo tuliruke. Akasema haliruki. Nikamwambia niadhibiwe kwa njia nyingine. Akaelekeza kidole kwenye kioo, pale mistari miwili ilipolala kitanda kimoja, akasema, "Amua wewe."

Basi nikafumba macho. Nikamwuliza mbuzi, kwa Kifipa cha jikoni, kwa sauti ambayo nilitaka iwe ndogo lakini woga ukaipandisha mpaka ikasikika kwa Mzee Masanja: wewe bado unatarajia kuzaa wangapi?

Nilipofumbua macho, Baba Yusta alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua.

Anatoka shambani, jembe begani. Anachokiona ni mwanaume anayetaka binti yake, katikati ya ua wake, mbele ya kundi la watu na pikapu, anamwuliza mbuzi wake habari za uzazi. Hakusalimia. Mimi nilisema shikamoo, lakini nadhani niliisema kwa mbuzi tena.

Na Mama Yusta hakuwa amemwona mumewe. Amempa kila mtu mgongo, anapepeta. Akajibu: "Mbuzi, mwambie huyo kijana asiulize habari za kutarajia. Nimeshabeba."

Ungo ukasimama. Kundi likasimama. Upepo nao nadhani ulisimama.

"Umesema nini?" akauliza Baba Yusta.

Mama Yusta akageuka, akamwona. Halafu akasema, "Nilikuwa nasema na mbuzi."

"Na mimi ulikuwa uniambie lini?"

"Baada ya Jumapili."

"Amejibu nini?" Mtaalamu ananivuta shati. "Dogo, amejibu nini?"

Nikamwambia. Tap! Mstari wa bluu ukajiinua, ukatoka juu ya ule mwekundu. Kidogo tu, kama unene wa uzi, lakini ukatoka. Weee! Vigelegele, ndoo zinapigwa kama ngoma, Bibi Skola anacheza, Mwenyekiti anavaa koti lake upya ili ashangilie rasmi. Mtaalamu mwenyewe anacheka, "Safi sana! Mnakua!"

Mimi sikushangilia. Nilikuwa nimeshaelewa kwa nini Mama Yusta alitaka kusubiri Jumapili ipite.

Kwetu, mama hawi mjamzito binti yake akiolewa. Wazee wanasema baraka mbili hazipiti mlango mmoja, zitasukumana na mojawapo itaanguka. Mimba ikijulikana kabla ya siku ya harusi kupangwa, harusi inasubiri. Ikijulikana baada ya kupangwa, basi, wazee wanafumba jicho moja. Mama wa watu alikuwa amenihurumia! Alikuwa ameificha kwa ajili yangu, mpaka Jumapili. Na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu ambao haujawahi kusema kitu cha maana, nikaenda kumchimba mbele ya umati.

Baba Yusta alisubiri kelele zipungue. "Mwenyekiti," akasema, bila kunitazama, "mwambie mjomba wa huyu kijana Jumapili asijisumbue."

Nikaisikia sauti yangu, imekonda: "Mpaka lini, baba?"

"Mpaka mtoto atembee."

Mpaka mtoto atembee! Hajazaliwa! Akizaliwa, kuna watoto wavivu wa kutembea, mnajua. Mdogo wangu mimi alitambaa mpaka watu wakamzoea hivyo.

Basi ndugu zangu, hapo hasira ikanivua aibu yote. Mimi, ambaye hata padri akiniuliza jina natazama chini, nikapiga kelele. Nikamwambia Mtaalamu: "Andika! Andika na mimi nahama! Kesho! Nakwenda Tunduma, nakwenda popote, kijiji kikue chenyewe!"

Sikujua kwamba mtu yule ana wepesi wa kidole namna ile. Tap.

Mstari ukashuka. Ukalala tena juu ya mwekundu. Halafu ukazama chini yake, kidogo, kwa unene uleule wa uzi.

Vigelegele vikafa. Na mimi nikawaona akina mama wanageuka, wote pamoja, kunielekea.

"Unatunywesha matope kwa sababu ya mwanamke?"

"Mtoto wa nani huyu, hana shukrani!"

"Futa! Mwambie afute!"

Bibi Skola alikuwa na ndoo yake mkononi, na aliishika kwa namna ambayo haikuwa ya kuchotea maji. Na kutoka kwenye mkeka, sauti ileile ya taratibu: "Mbuzi, mwambie huyo kijana kwamba atakayehama asirudi hapa kuulizia binti. Atakayesubiri, tutajua amesubiri."

Nikamwambia Mtaalamu afute. Nikasema nimekosea, sihami, nabaki.

"Mfumo haufuti hivihivi," akasema. Nahisi alikuwa anafurahia, yule mtu. "Nikikurudisha kama mkazi, lazima ujibu maswali ya mkazi. Wewe ni kijana, unajenga. Haya. Unatarajia watoto wangapi?"

Kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Mbele yangu Baba Yusta na jembe. Nyuma yangu Mama Yusta na ungo. Kulia Mwenyekiti, kushoto kitongoji kizima. Na jibu dogo lingenizamisha, na kukaa kimya kungenizamisha.

"Kumi na wawili!" nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Labda kwa mitume.

Mstari ukaruka! Uliruka mpaka ukagusa juu ya kioo, Mtaalamu akarudi nyuma. Akina mama wakapiga ukelele mmoja wa furaha, kisha ukawa kicheko, na katikati ya kicheko hicho nikasikia ndoo imetuliwa chini, taratibu, pembeni ya uzio.

Yusta. Alikuwa ametoka kisimani. Alikuwa amesikia yote, kuanzia mtoto atembee mpaka kumi na wawili.

"Kumi na wawili," akasema. "Na nani?"

Hapo ndipo Baba Yusta alipocheka. Mzee ambaye sijawahi kuona meno yake. Aliliegemea jembe, akacheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti alicheka. Mzee Masanja, ambaye alikuwa amekuja kuona kelele ni za nini, alicheka bila hata kuelezwa. Mtaalamu alicheka huku anafunga kompyuta yake, akapanda pikapu, akasema matokeo mtayasikia, akaondoka. Mtayasikia lini? Hakusema. Tumepandisha mstari kwa aibu yangu yote, na hatujui hata kama kuna bomba. Muone kwa nini nina hasira!

Nikaondoka kufuata baiskeli yangu nyumbani, nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipopita karibu na uzio, Yusta alikuwa anajitwika ndoo. Hakunitazama. Alisema chini chini, kama anauambia uzio:

"Mimi nitazaa watatu. Nitasubiri mtoto atembee. Hao tisa waliobaki katafute na mtaalamu wako."

Nimeendesha baiskeli mpaka hapa Mazwi bila kujua nimekasirika au nimefurahi. Nadhani nimekasirika. Kijana wa hapa anasema muda wangu umekwisha.

Msinicheke. Na anayeshindwa kujizuia, apande gari arudi nyumbani aje kunichekea huku, angalau tuhesabiwe wote.